Mwenye alama 990 anafanya nini kwenye daraja la ridhaa?

MLETA MADA: Wakuu, habari za wikiendi. Naleta mada inayogombanisha watu kila msimu kwenye gofu ya visahani huku Marekani. Kwa wasioujua mchezo: unarusha kisahani cha plastiki hadi kitulie kwenye kikapu cha minyororo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Chama chake, PDGA, kipo tangu 1976, na kila mwanachama anayeshindana hupewa alama za kiwango. Ukifika 1000 wewe ni hodari kwelikweli.

Alama hizo ndizo zinazopanga madaraja ya ridhaa. La wanaoanza ni la walio chini ya 850, linalofuata chini ya 900, la kati chini ya 935. Juu yake kuna daraja la juu la ridhaa, na hapo ndipo ninapotaka tubishane, kwa sababu halina kikomo. Mtu wa 990 anaweza kujikalia humo miaka na miaka akikomba zawadi, ilimradi hajapokea fedha taslimu. Akizipokea tu, anahesabiwa mchezaji wa kulipwa. La kuchekesha zaidi, kanuni inamruhusu wa kulipwa aliye chini ya 970 ashuke acheze daraja hilohilo. Kwa hiyo "wa kulipwa" anachapwa na "wa ridhaa", na wote wanagombea vocha za duka la visahani.

Mimi huyo wa 990 namwona kijeba tu, kama yule mwenye ndevu kwenye timu ya chini ya miaka 17. Lakini simlaumu sana. Tatizo ni zawadi. Ziondoeni kwenye ridhaa, libaki kombe, tuone nani atang'ang'ania kubaki chini.

MCHANGIAJI WA 1: Mkuu, kijeba anadanganya umri. Huyu kadanganya nini? Alama zake ziko wazi, kila mtu anaziona. Unataka apande kwa wa kulipwa, sawa, tupige hesabu. Kwenye uwanja wa kawaida wa vikapu 18, mrusho mmoja ni kama alama 10. Akikutana na wa 1020 anaachwa mirusho mitatu kila raundi, raundi tatu ni tisa. Analipa ada kubwa zaidi, anamaliza katikati ya jedwali, na hela yake inagawiwa walio juu. Paul McBeth, nyota wa mchezo huu, mwaka 2021 alisaini na Discraft, kampuni ya visahani, dola milioni 10 kwa miaka 10, hongera yake. Huyu wetu Jumatatu anaingia kazini kama mimi na wewe.

MCHANGIAJI WA 2: Mnawasahau wanaoshusha alama makusudi ili wasipandishwe! Mtu yuko 930, anaona mashindano makubwa yanakuja, anacheza hovyo mwezi mzima. Hao ndio wezi.

MCHANGIAJI WA 3: Wapo, ila ni wachache kuliko kelele zinazopigwa, na kazi yenyewe si rahisi. Alama ni wastani wa raundi za miezi 12, na robo ya mwishomwisho inahesabiwa mara mbili. Ukishakuwa na raundi za kutosha, iliyoanguka zaidi ya alama 100 chini ya wastani wako inatupwa, haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo huwezi kuharibu siku moja ukashuka. Itabidi uharibu kidogokidogo, tena kwenye mashindano uliyolipia. Nani ana moyo huo kwa ajili ya vocha?

Mimi ninayemhurumia ni wa 936. Tofauti yake na wa 934 haifiki hata robo ya mrusho, lakini mmoja anaruhusiwa daraja la kati na mwenzake anatupwa kwa yule wa 990. Hilo mleta mada hujaligusa.

MCHANGIAJI WA 4: Nimewahi kusaidia kuendesha mashindano, niwaambie jambo ambalo washiriki hawalipendi. Zawadi za ridhaa huhesabiwa kwa bei ya dukani, sisi tunazinunua kwa jumla. Ile tofauti ndiyo inayolipia mambo mengi, na mara nyingi sehemu yake inaongezwa kwenye mfuko wa wa kulipwa. Kaka mleta mada, ukiondoa zawadi, hao wa kulipwa unawalipa nini?

MLETA MADA: Dada, asante, umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Yaani kijana wa 840 aliyekuja kufurahi na wenzake ndiye anayemlipa wa 1020? Basi "wa kulipwa" walipwe na wadhamini au watazamaji, na wakikosekana, wagawane ada zao wenyewe. Ridhaa ada ishuke, kila mshiriki apewe kisahani kimoja anapojisajili, mshindi kombe. Kuhusu wa 936, mchangiaji wa 3 una haki, popote utakapochora mstari kuna atakayeukanyaga. Ila vocha zikiondoka hatapoteza chochote kwa kushika nafasi ya 20.

MCHANGIAJI WA 1: Atapoteza hamu. Nani anasafiri mwendo wa saa tatu kushika nafasi ya 20?

MLETA MADA: Wangapi wanasafiri leo kushika nafasi ya 20 na wanarudi mikono mitupu, mkuu? Ni wengi kuliko washindi.

MCHANGIAJI WA 4: Kaka, mimi naongelea kujaza uwanja. Vikapu 18, watu wanne kila kikapu, ni nafasi 72. Wanaoanza watakuja kwa ada ndogo, hilo nakubali. Lakini wanaojisajili mapema, wakatuwezesha kulipa malipo ya awali ya uwanja, ni haohao wa daraja la juu la ridhaa unaowaita vijeba. Nikiondoa vocha peke yangu, Jumamosi hiyo wanaenda mji wa jirani ambako zipo. Tafuta wasimamizi wawili wa jirani wakubali kuziondoa msimu mmoja pamoja nami, halafu nitayasimamia mashindano hayo bure.