Mnatudai tuwaheshimu polisi, na wao nani atawadai ukweli kwenye maelezo wanayoandika?

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira na siifichi, kwa hiyo wale wa "punguza jazba mkuu" naomba mpite tu, nyie mtaandika siku yenu.

Kila anapoumizwa mtu mikononi mwa polisi, damu haijakauka, watu wanajitokeza na sentensi ileile. Angemheshimu askari yasingemkuta. Alijibu vibaya. Alikuwa na kiburi. Vijana wa siku hizi hawana adabu kwa vyombo vya dola. Nimeisikia kwenye misiba, nimeisikia kazini, na wiki tatu zilizopita nimeambiwa mimi, usoni, na mtu mzima ninayemheshimu, tena mdogo wangu akiwa amekaa pembeni yangu shingo haigeuki.

Nieleze kilichotokea. Mdogo wangu, wa mwisho kuzaliwa kwetu, anafanya kazi ya zamu na siku hiyo alikuwa anarudi usiku kwa miguu. Gari likasimama, wakamwita, akaenda. Wakataka kitambulisho, akatoa. Wakamwambia apande, ndipo akauliza, "Afande, kosa langu ni nini?" Basi, ni hilo tu, hakutukana, hakukimbia, hakunyanyua mkono. Kwa hilo swali akapigwa kofi, akaulizwa kama anajifanya mwanasheria, akafungwa pingu kwa kubanwa mpaka vidole vikafa ganzi, halafu rungu mgongoni mara mbili akiwa tayari amefungwa mikono nyuma. Huo ndio utovu wa nidhamu wake, kuuliza swali ambalo askari analazimika kulijibu hata bila kuulizwa, maana kumwambia mtu kwa nini unamkamata ni haki yake, askari hamfanyii hisani.

Mimi nimefika kituoni alfajiri. Nimemkuta kwenye benchi, hana mkanda, viatu havina kamba, kaunta askari anaandika maelezo. Nikasogea, nikamsalimia kwa adabu zote, shikamoo nimetoa kwa mtu ambaye nadhani nimemzidi umri. Nikaona kwa macho yangu anachoandika, kwamba mtuhumiwa "alianguka wakati akijaribu kukimbia". Anaandika taratibu kwa mwandiko mzuri kabisa, mkono hautetemeki. Mdogo wangu akapewa asaini ili aachiwe. Akasaini. Na nyie mtakaosema "kwa nini alisaini", kalieni lile benchi alfajiri mkononi hamna hisia, halafu mje mniambie.

Sasa twende kwa daktari. Daktari akamfunua mgongo, kimya, akaniita niangalie. Kulikuwa na mistari miwili myekundu inayokwenda sambamba, katikati yake pamekuwa peupe, kama reli. Akanieleza kuwa kitu cha mviringo kama rungu au fimbo kikipiga mwili ndivyo kinavyoacha alama, damu inasukumwa pembeni na inavilia kwenye kingo mbili. Mtu aliyeanguka akikimbia utamkuta amechubuka viganja, magoti, viwiko, kwa sababu mwili wenyewe unajikinga. Akamgeuza viganja. Safi, hakuna hata mchubuko. Na tukijiuliza, mtu aliyefungwa pingu nyuma anakimbia vipi na anaangukia mgongo vipi mara mbili kwenye mistari iliyonyooka?

Wakuu mimi kofi lingeniuma na rungu lingeniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni ile karatasi. Kofi unaweza kuniambia askari alichoka, amekesha, ana msongo, amepandwa na hasira. Karatasi haina hasira. Karatasi mtu anakaa kwenye kiti, anashika kalamu, anafikiria neno gani liingie, na wenzake wapo pale wanasoma na wanajua. Hapo ndipo heshima yangu ilipoishia.

Na msiseme ni kituo kimoja, hii iko kila mahali. George Floyd, Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020, dunia nzima iliona goti la askari shingoni mwake dakika 9 na sekunde 29. Sasa katafuteni taarifa ya kwanza ya polisi ilisemaje. Ilisema mwanamume amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati polisi wakishughulika naye. Goti halimo. Shingo haimo. Na taarifa hiyohiyo ikasema kamera za kifuani za askari zilikuwa zimewashwa, yaani picha wanazo wao na bado wakaandika vile, kwa hiyo mnaosema dawa ni kuwafunga kamera mfikirie pia nani anakaa na hizo picha. Kama si binti wa miaka 17 aliyesimama pembeni na simu yake akarekodi, leo tungekuwa tunasoma kuwa ni tatizo la kiafya.

Hillsborough, uwanja wa mpira, Uingereza, Aprili 15, 1989. Watu 97 wamekufa kwa kubanwa. Polisi wakasema mashabiki walilewa, walivunja geti, wamejitakia. Jopo huru lilipokuja kufungua makabrasha mwaka 2012 likakuta maelezo 164 ya askari yalibadilishwa, na 116 kati ya hayo yalifutwa au kugeuzwa sehemu zilizokuwa zinawasema vibaya polisi wenyewe. Tena soma vizuri hapo, maana yake kuna askari wadogo waliandika ukweli, wakubwa wakauchukua wakaukata. Wazazi wamekaa miaka 27 hadi Aprili 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama likasema watu wale waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa. Na kesi ya kubadilisha maelezo ilipofika mahakamani mwaka 2021 ikafutwa, jaji akasema maelezo yale yaliandaliwa kwa ajili ya tume ya uchunguzi wala hayakuwa ya mahakama ya sheria, kwa hiyo kosa lile haliwezi kusimama. Ndugu zangu, ukiwa mama uliyezika mtoto halafu usomewe hivyo, utaambiwa uwaheshimu kwa lipi?

Na hapa kwa jirani zetu Kenya, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, mtu aliyekuwa anaandika mtandaoni, amekamatwa Homa Bay akapelekwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi kituo cha kati. Taarifa ya kwanza, eti alijigonga kichwa ukutani mwa selo. Baba yake anaambiwa hivyo. Uchunguzi wa mwili ukaja na majeraha ya kichwa, shingo kubanwa, michubuko mwili mzima. Ni yaleyale, goti linakuwa tatizo la kiafya, kipigo kinakuwa ukuta, na rungu la mdogo wangu linakuwa kuanguka.

Halafu utasikia "si wote". Kila siku si wote, si wote. Sisi waswahili tulishasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na wahenga hawakumaanisha kwamba kila samaki alizaliwa mbovu. Walimaanisha ukimwacha yule mmoja kwenye tenga, unamfunika, unampanga katikati ya wenzake, usishangae mnunuzi akitupa tenga zima. Nani anamwacha kwenye tenga? Si mimi raia.

Niwaambie na kitu kimoja kuhusu usiku ule. Wakati tunatoka, kuna askari wa kike, binti mdogo tu, alitufuata mpaka nje akajifanya anaangalia gari. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka mpeleke hospitali leo leo, usingoje kesho, na mwambie daktari aandike kila anachokiona." Akarudi ndani. Nilimheshimu pale pale kwa moyo wangu wote, na nikamkasirikia pale pale, kwa sababu alikuwepo kaunta, alisikia, aliona kinachoandikwa, akatazama chini. Mpaka leo sijui nimweke wapi. Lakini najua kwa nini alinong'ona.

Ananong'ona kwa sababu anajua kinachowapata wanaosema kwa sauti. Cariol Horne alikuwa askari Buffalo, Marekani. Mwaka 2006 akamuona mwenzake amemkaba shingo mtu aliyekwisha fungwa pingu, akaingilia akamtoa. Mwaka 2008 akafukuzwa kazi, baada ya miaka 19 ya utumishi, akapoteza pensheni. Imekuja mahakama kumrudishia haki yake mwaka 2021, miaka mingapi hiyo, baada ya dunia kuona Minneapolis mtu asipoingilia inakuwaje. Maana pale kwa Floyd kulikuwa na askari wengine watatu palepale, na hao nao wakatiwa hatiani mwaka 2022, wawili kati yao kwa kosa la kutomzuia mwenzao. Mwanamke mmoja kazuia akafukuzwa, wanaume wakaacha wakafungwa. Askari mchanga ajifunze lipi hapo kama kituoni kwake anaona kila siku kwamba kunyamaza ndiko kunapandisha cheo?

Na hakuna anayeweza kusema hakujua wajibu wake. Kanuni za maadili za Umoja wa Mataifa kwa watekelezaji wa sheria zipo tangu 1979, zinasema nguvu zitumike pale tu inapobidi kabisa na kwa kiasi cha kazi iliyopo, na zinasema askari azuie na apinge ukiukwaji anaouona, kisha autolee taarifa. Autolee taarifa, hawakuandika anong'one kwenye maegesho ya magari.

Najua watakuja wa "wewe ukivamiwa usiku utampigia nani?" Nitampigia polisi. Ndiyo, nitampigia yeye, kwa sababu sina rungu, sina bunduki, sina ruhusa ya kumfunga mtu pingu, na nimekubali kama raia kwamba hivyo vyote nimuachie yeye. Ndiyo maana namdai zaidi ya ninavyomdai muuza duka. Muuza duka akinidharau nahamia duka lingine, polisi nikihama naenda wapi? Na najua kazi yao ni ngumu, mimi sina chuki na mtu anayelala macho wakati mimi nimelala, wanaokwenda mbio palipo na risasi wakati sisi tunakimbia kutoka. Wapo waliozikwa wakiwa na sare kwa ajili yetu. Hao ndio wanaochafuliwa na yule mwenye mwandiko mzuri wa kaunta, na inaniuma kwa niaba yao pia.

Sasa nilirudi kulalamika, mkasikie. Nikaambiwa nitaje jina la askari. Simjui jina. Nitaje namba. Namba ilikuwa imefunikwa na jaketi, usiku, mdogo wangu kaona jaketi tu. Basi, bila namba hakuna lalamiko, nenda ukatafute. Wakuu polisi wa London walipoanza mwaka 1829 walikuwa na namba kwenye kola ya sare, kwenye kola, shingoni, kwamba raia asiyejua hata jina aweze kusema ni yule namba fulani. Karibu miaka 200 baadaye mimi naambiwa nikatafute namba iliyofichwa na jaketi, na kitabu cha zamu kiko mezani kwake mbele yangu, kimeandikwa nani alitoka na gari gani saa ngapi. Kukifungua tu. Hataki.

Na anayepokea lalamiko ni nani? Ni kituo kilekile. Nimeandika malalamiko dhidi ya mtu na amepewa rafiki yake wa zamu ayasome. Ireland ya Kaskazini walilimaliza hili tangu 2000, lalamiko dhidi ya polisi linakwenda kwa ofisi huru yenye wachunguzi wake, Kenya nao wana mamlaka yao ya kuwasimamia polisi tangu 2011, na hata hapo watu wanapambana sana, lakini angalau una mlango ambao nyuma yake hajakaa yuleyule aliyekupiga. Mtu asiniletee hoja ya heshima kabla hajaniambia huo mlango uko wapi kwa mdogo wangu.

Yeye mwenyewe hataki kuendelea. Kasema "kaka achana nayo, watanitafuta". Kijana aliyekuwa anapita njia ile kila siku anaimba, sasa anazunguka njia ndefu, akisikia gari linapunguza mwendo nyuma yake anatoa mikono mifukoni anaiweka wazi, hajaambiwa na mtu. Kidole gumba cha kushoto bado hakijarudi hisia vizuri, daktari kasema mshipa wa fahamu uliminywa na pingu na unaweza kuchukua wiki au miezi.

Wenye uzoefu naomba msaada wa kweli hapa, si matusi. Lile karatasi alilosaini naweza kulipinga vipi kwa ripoti ya daktari, na je nikiomba kwa maandishi nakala ya kitabu cha zamu ya usiku ule wanaruhusiwa kuninyima? Jumatatu asubuhi narudi kituoni. Mama kasikia, kasema hatubaki nyumbani, tunaenda wote, na kasema nisimjibie, yeye ndiye atakayesimama kaunta aulize lile swali ambalo mwanawe hajajibiwa mpaka leo.