Mnaosema Grace ndo alimharibu Mugabe mnanichosha aisee

Wakuu leo mniache niseme. Kila ikitajwa Zimbabwe lazima atokee mtu na ngonjera yake, eti mzee Mugabe, rais wao wa zamani, alikuwa safi, mkewe Grace ndo kamponza. Hivi mnafuatilia kweli au mnabebana tu?

Sikatai, Grace alichukiwa na mengi alijitakia. Sekretari wa ikulu anatoka na bosi, anamzalia kabisa, huku Sally, mke wa kwanza wa Mugabe, yuko hoi na figo, na Sally watu walimpenda kama mama yao. Akafariki 1992, harusi ikaja 1996 na Mandela kaja, ila kinyongo kikabaki palepale. Halafu manunuzi sasa! Januari 2009 pesa ya Zimbabwe imekufa thamani mpaka benki kuu inatoa noti ya dola trilioni 100, mwezi huohuo madam yuko Hong Kong na mpiga picha analia kwamba kapigwa ngumi za uso na mkono uliojaa pete za almasi. Ndo maana wakambatiza Gucci Grace.

Lakini iliyoniudhi kuliko zote ni ile PhD ya 2014. Watu wanasota miaka na tasnifu zao, yeye miezi tu tangu ajisajili keshaitwa daktari, na mkuu wa chuo anayemtunuku ni nani? Mumewe! Na Joice Mujuru, makamu wa rais, alipata yake siku hiyohiyo, baada ya hapo Grace akazunguka nchi nzima anamchamba majukwaani, Desemba Mujuru hana kazi. 2017 tena, binti mwanamitindo akamtuhumu kumchapa na waya wa ekstensheni hotelini Sandton, Afrika Kusini, akaondoka zake na kinga ya kidiplomasia.

Sasa niambieni, kinga ile aliipata kwa cheo cha nani? Mamlaka ya kumfukuza Mujuru, na makamu mwingine Mnangagwa Novemba 6, 2017, alikuwa nayo nani? Gukurahundi, ile operesheni ya jeshi lake, ilianza 1983, maelfu ya watu wakauawa Matabeleland, Grace hata hajulikani! Kupigwa kwa wafuasi wa upinzani uchaguzi wa 2008 nako mnamtwisha yeye?

Na mjue huo wimbo wenu waliuimba majenerali wenyewe waliomng'oa, siku wanaingia na vifaru Harare Novemba hiyohiyo ya 2017 walisema hawamgusi mzee, wanawatafuta wahalifu waliomzunguka. Mzee akaachia urais na heshima zake, matusi yote kaachiwa mke. Na nyie hadi leo mnaitikia kiitikio.