Mjadala: Pesa ya kale uliyookota ufukweni, uiandikishe au unyamaze?

Mtoto wa Masoko (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Nimekulia Kilwa Masoko, Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa masultani, unakuona ng'ambo ya maji. Babu alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake misumari ya jahazi, ndoana na pesa za kale saba. Bibi alikuwa akisema ziliokotwa Kisiwani, bamvua likishatoka na mchanga umechimbika. Vipesa vya shaba, vyembamba, upana wa kifungo cha koti, kijani kama ukuta wa kisima. Mwaka mmoja, Idi imekaribia, mimi na binamu yangu tukaona tumsaidie babu. Tukachukua ndimu, jivu la jikoni na makumbi ya nazi, tukazisugua mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. Babu hakutupiga. Alichukua moja akaenda nayo dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Haya, mmemfuta mwenyewe."

Nimekuja kuelewa ukubwani. Pesa za Kilwa upande mmoja zina jina la sultani, tuseme Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yakiishia kwa kina kinacholingana na jina: Hasan, minan. Pesa yenye vina! Lakini hazina mwaka. Kwa hiyo ukitaka kujua ilitengenezwa lini na ilitembea wapi, unategemea mambo mawili: maandishi, ambayo sisi tuliyamaliza kwa ndimu, na mahali ilipolala.

Hilo la mahali ndilo lililonifanya nilete mada. Mwaka 1971 huko Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe ya nchini Zimbabwe, ilipatikana sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwepo msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Ukiipeleka sokoni ni kipande cha shaba. Ila kwa kuwa inajulikana ilikutwa pale, kwenye nchi iliyotoa dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, inatufungia Kilwa na bara kwa namna ambayo tarihi peke yake isingeweza.

Mfano wa pili. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa lindoni visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne za Waholanzi, tano za Kilwa. Naam, Kilwa hii hii. Akazitia kwenye kopo (makopo nayo!) na hazikutambuliwa mpaka 1979. Zilifikaje kule, watu wanabishana hadi leo. Lakini yule mzee alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani ya mkono, na kwa alama ile watafiti wakaweza kurudi ufukweni 2013 kutafuta. Babu yangu hakuwa na X.

Sasa sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Kifaa kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, na aliyekigundua anatakiwa atoe taarifa. Kimaandishi safi. Mtaani mtu anasikia neno moja tu, "serikali", anakirudisha mfukoni. Kisha kinauzwa, au kinayeyushwa.

England na Wales wana utaratibu mwingine tangu 1997. Mtu wa kawaida akiokota kitu cha kale, anakipeleka kwa ofisa wa eneo lake. Kinapimwa, kinapigwa picha, panaandikwa kilipokutwa, kisha anarudishiwa. Ni hiari. Vitu zaidi ya milioni 1.5 vimeandikwa, na yeyote anaweza kuvitazama mtandaoni. Dhahabu na fedha za zamani zina sheria yao: lazima utoe taarifa ndani ya siku 14, tena kwa ofisa mwingine, yule anayechunguza vifo vya ghafla, Waingereza hawaishiwi vituko. Makumbusho ikiitaka inainunua kwa bei iliyokadiriwa, na kwa kawaida mwokotaji na mwenye shamba wanagawana nusu kwa nusu.

Swali langu: nasi tuwe na daftari la namna hiyo, mtu aandikishe bila kunyang'anywa? Mimi nasema ndiyo. Nipingeni.

Fundi Chakavu

Mtoa mada umenigusa pabaya. Mimi nanunua vyuma chakavu, sitataja mji. Vijana wanaleta kiroba, unapitisha sumaku, chuma kinaganda, kinachobaki unakitazama rangi: shaba nyekundu huku, shaba ya njano kule. Mizani, hela, kwaheri. Hakuna anayeuliza imetoka wapi, na kwa biashara yetu ni vizuri usiulize.

Vya kale vinapita, sikatai. Nimeona bangili nzito za shaba, nimeona kengele, na vipesa vya kijani vimeungana kama tonge. Kwenye mizani vipesa havina maana, ni vyepesi mno. Sasa hivi ninacho kimoja kimetobolewa tundu, nadhani kilivaliwa shingoni. Kiko kwenye kisahani cha misumari, na lori linakuja Jumamosi.

Ila niambieni kitu kimoja. Nikikiandikisha, yule askari atakayekuja kuuliza habari za kipesa hataangalia na nyaya zilizoko nyuma ya duka?

Dada wa Stoke

Niko Stoke-on-Trent mwaka wa kumi na moja, nachangia nilichoona kwa macho. Jirani yangu mstaafu hutembea mashambani na detekta, mashine ya kutafutia madini ardhini, kila Jumapili, kwa ruhusa ya mkulima. Bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa. Siku moja alinionyesha bizimu ya mkanda ya enzi za kati, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Haikuwa na thamani yoyote ya fedha. Lakini ilikuwa kwenye kimfuko chake, na juu ya kimfuko namba za mahali kutoka kwenye simu. Miezi kadhaa baadaye alirudishiwa, na alifurahi zaidi ile namba ya kumbukumbu kuliko bizimu yenyewe, akawa anamtumia kila mtu kiungo.

Mtu wa nje akitazama mtandaoni haoni shamba hasa ni lipi. Ramani ya wote inakuonyesha eneo kwa jumla, mahali penyewe pamefichwa ili wezi wasiende. Mtoa mada hukulitaja, nami naona ndilo lililofanya wakulima wakubali.

Makumbusho ya hapa kwetu yana sehemu ya ile hazina ya Staffordshire, iliyopatikana 2009: karibu kilo 4 za dhahabu ya Waanglo-Saksoni, watu wa England ya kale, vipande vya mapambo ya mapanga. Pauni milioni 3.285, wakagawana mwenye mashine na mkulima. Unaelewa kwa nini watu wanasema walichookota. Wangesema hivyo kwa kupewa cheti na picha na mkuu wa wilaya?

Na msiwaone Waingereza wamekamilika. Mwaka 2010 ilipatikana kofia ya Kirumi ya kuvaliwa na mpanda farasi, ina uso mzima wa kijana, huko Crosby Garrett. Kwa kuwa ni ya shaba, si dhahabu, na ilikutwa peke yake, sheria haikuihesabu kuwa hazina. Ikapigwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 2.2, makumbusho ya jirani yakashindwa dau, ikaenda kwa mtu binafsi. Sheria imerekebishwa 2023, miaka 13 baadaye.

Mshika Mwiko

Nimefanya kazi za uchimbaji wa kitaalamu pwani hii kwa miaka mingi, nikiwa kibarua kwanza, msimamizi baadaye. Napinga, na nisikilizeni vizuri kwa nini.

Kule kwao vingi vinatoka kwenye mashamba yaliyolimwa kwa trekta miaka na miaka. Udongo umeshavurugwa. Kuokota cha juu hakuharibu sana. Kwetu mji wa kale umelala chini ya kijiji kinachoishi, sentimita chache chini ya ukumbi wa mtu. Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, watafiti walikuta zaidi ya sarafu 300 za shaba zimefukiwa pamoja sakafuni mwa nyumba. Umuhimu wake uko hapo: zilikuwa pamoja, na sakafu inajulikana. Angetangulia mtu na jembe, leo tungekuwa na sarafu 300 za kopo la babu, samahani mtoa mada.

Halafu mnajifanya hamjui nchi hii? Tangazeni leo kwamba mwenye kuokota kitu cha kale atalipwa, kesho mtasikia detekta zinalia kila ukuta wa mawe kuanzia Tanga hadi Mtwara. Tayari watu wanachimba makaburi na kung'oa mibuyu wakitafuta "mali ya Mjerumani". Wamesikia ile sarafu ya Mjerumani, rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo, basi kila jiwe lenye mkwaruzo ni ramani. Nimeshuhudia msingi wa boma umefukuliwa usiku mmoja, asubuhi tumekuta shimo, soli ya kiatu na chupa ya maji.

Na malipo hayaondoi tamaa. Herefordshire mwaka 2015, wawili walifukua hazina ya enzi za Waviking, sarafu zinazokadiriwa 300 hivi, wakanyamaza na kuziuza kichinichini. Wamefungwa 2019. Zilizopatikana wakati ule, 31. Miongoni mwake zimo zenye wafalme wawili wa falme tofauti wamekaa bega kwa bega, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, habari ambayo vitabu vyao viliizima. Zile zilizopotea zilikuwa na nini? Na hiyo ni nchi yenye daftari, fidia na maofisa.

Mlamu

Mshika Mwiko, yote uliyosema ni kweli, na bado hujanijibu. Sisi Kenya sheria ya 2006 imesema wazi: cha kale kilicho ardhini ni mali ya serikali. Haya. Mjomba wangu alipata kitasa cha kale akichimba choo, akakipeleka ofisi fulani, akaandikwa jina kwenye karatasi. Miaka mingi imepita. Hakuambiwa ni cha lini, hakuoneshwa kimewekwa wapi, hata asante ya simu hakupata. Fundi wa choo kingine mtaa wetu alipata kitu pia. Unadhani alikipeleka?

Tunapenda sana kusikia habari za sarafu ya China, ile ya mfalme Yongle, iliyopatikana Manda 2013 na timu ya Profesa Kusimba. Mambrui nako walipata ya namna hiyo 2010. Zote za wataalamu, na nawapa heko. Lakini wanachimba wiki chache kwa mwaka. Bahari inachimba kila siku. Anayekuwepo asubuhi maji yakitoka ni mvuvi na mama wa pweza.

Mtoto wa Masoko

Mshika Mwiko, sikujibu kwa hasira, ulilosema la kopo nimelistahili.

Nakubali nusu. Detekta sizitaki, na neno "malipo" nalitoa kwenye hoja yangu, Dada wa Stoke anisamehe. Ireland huwezi kutafuta vitu vya kale kwa mashine bila kibali cha serikali, na sioni kwa nini sisi tuwe wapole kuliko wao. Anayechimba ni mhalifu, abaki mhalifu.

Ila aliyeokota si aliyechimba. Hapo ndipo sheria zetu, kwa jinsi zinavyosikika mtaani, zinawaweka kapu moja. Pale Kisimani Mafia bahari imekula mji wa kale, na sarafu zimekuwa zikitupwa ufukweni tangu enzi za mkoloni. Mama wa pweza akiona kitu kinang'aa kwenye mwamba, hajaharibu tabaka lolote. Maji yameshaharibu. Kilichobaki ni yeye kukumbuka mwamba upi. Akiondoka nacho kimya, tumepoteza hata hilo. Nataka apige picha pande zote mbili, aweke kijiti au rula pembeni, simu itoe namba za mahali, atume, na asisugue. Mwalimu wa shule ya kijiji anaweza kuandika kwenye daftari hata kama mtandao hakuna. Kitu kibaki kwake mpaka mtu wa mambo ya kale aje, naye akija aje na jibu: ni cha nani, cha lini. Mjomba wa Mlamu alistahili hilo, na ni dogo.

Fundi, swali lako la nyaya ni gumu, nalicheka huku nikijua halichekeshi. Ndiyo maana nasema mwalimu, si kituo cha polisi.

Jana nilimpigia binamu. Katika zile saba anayo moja, haikusuguliwa kwa sababu ilikuwa imegandana na msumari. Nikamuuliza babu aliiokota wapi. "Kisiwani." Kisiwani wapi, upande wa msikiti au wa gereza? Kimya. Akasema atamuuliza mama mdogo.

Fundi, hicho chenye tundu kipige picha kabla ya Jumamosi. Pande zote mbili. Na aliyekuletea, kama unamjua, muulize.

Fundi Chakavu

Namjua. Anauza mkaa stendi. Nitamuuliza kesho, ila sisemi kama atanijibu.