Mrejesho: Domino siiuzi
Wakuu, niliwauliza kama ile Festool Domino DF 500, mashine ya umeme ya kutoboa matundu ya kuungia mbao, niiuze, maana bei yake ilikula mtaji wa karakana yangu hapa Keko. Siiuzi. Kilichoniamulia ni oda ya viti vya mninga. Biti ya mashine, yaani kile chuma kinachotoboa, inazunguka huku ikiyumba kushoto na kulia, tundu linatoka safi, ulimi (kijiti bapa cha kuungia vipande viwili vya mbao) unaingia kwa kugongwa na nyundo ya mpira tu, na kiti hakichezi hata ukikikalia upande. Kwa patasi, matundu hayo yalikuwa yanamla fundi siku nzima. Biti zipo za milimita 4 hadi 10. Mimi zinanitosha ya 8 na ya 10. Ndimi nachonga mwenyewe kwa mabaki ya mninga. Mkuu uliyeshauri nikodishe kwa mafundi wenzangu, hapana, biti ikikatika hasara ni yangu.