Klorela inakolea siku tano, ya sita inageuka chai. Nakosea wapi?

KambareSengerema:
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Sengerema, natotolesha kambare kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa sangara, wananunua vifaranga wa kutia kwenye ndoano kama chambo. Wenye mabwawa ni wachache.

Kutotolesha hakunisumbui. Jioni nampiga jike sindano, asubuhi namkamua mayai, dume namchinja nachukua manii, nachanganya, kesho yake wachanga hao wametapakaa chini ya beseni. Shida inaanza siku ya tatu, kile kifuko cha kiini kikiisha tumboni. Hapo wanataka chakula kinachocheza. Ukiwapa unga wanautazama tu, unaoza, wanakufa, na waliobaki wanakulana. Atemia ya kopo, yale mayai ya vijidudu vya maji chumvi, imenishinda bei, kwa hiyo nimeanza kufuga moina, viroboto wadogo wa majini, na moina nao wanataka maji ya kijani, yaani yenye klorela, mwani mdogo usioonekana kwa macho.

Mbegu ya klorela nilipewa na kijana mmoja wa chuo, chupa ya lita moja na nusu, kijani kama mchicha uliosagwa. Nikaimimina kwenye pipa la lita 200, maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitenge, urea viganja viwili, nikawasha pampu ya hewa. Siku ya nne pipa linapendeza mpaka nikampigia picha shemeji yangu. Ya tano nikasema ngoja likolee zaidi. Ya sita naamka nakuta maji kama chai ya rangi, chini tope la kahawia, juu povu, na harufu. Hii ni mara ya tatu.

Mke wangu anasema jirani ana mkono hapa. Mimi nasema ni urea. Nani yuko sahihi?

Mzee wa Bwawa:
Mkuu, unajitesa. Samadi ya kuku kwenye kiroba, funga, tumbukiza kwenye tangi, baada ya siku kadhaa mwaga moina humo. Ukiona wanapungua, koroga hamira kidogo kwenye maji ya vuguvugu uwape. Mambo ya klorela waachie wenye maabara.

KambareSengerema:
Mzee, hiyo nimepitia. Moina walipatikana kweli, ila nao walikuja na wageni. Kereng'ende walitaga kwenye tangi, na mimi nikachota moina pamoja na watoto wa kereng'ende, nikawapelekea wachanga wangu. Asubuhi beseni la wachanga elfu kadhaa lilikuwa na wanene wanne wenye taya. Sirudii.

BiTangi (Unguja):
Kaka, mkeo kakaribia ukweli kuliko wewe. Jirani yupo, ila anaishi ndani ya pipa.

Mimi nimefanya kazi miaka tisa kwenye kituo cha kutotoleshea samaki wa maji chumvi. Sisi upande huu hatuna hiari. Samaki mchanga wa mwatiko mdomo wake ni tundu la sindano, lazima umpe rotifa, mnyama wa majini mdogo kuliko moina, na rotifa lazima ale mwani, kama ule wa bahari uitwao Nannochloropsis. Tena mwani wenyewe lazima uwe na mafuta ambayo samaki wa bahari hajui kujitengenezea mwilini. Kambare wako ana nafuu, yeye mafuta hayo huyatengeneza kutokana na mengine anayokula. Lakini ufugaji wa mwani ni ule ule, na kosa lako nimeliona mara nyingi sana, mwenyewe nikiwemo.

Lita moja na nusu ndani ya lita 200 haifiki hata sehemu moja kati ya mia. Ni sawa na kumpeleka mtoto mmoja akalinde ndege shamba zima la mpunga. Klorela yako ilikuwa bado inahangaika kujaza pipa, na maji ya ziwa yalishakuja na wenyeji wao. Kitenge kinazuia majani na dagaa. Hao ninaowasema wanapita kwenye kitenge kama wewe unavyopita mlangoni. Siku nne za mwanzo walikuwa wachache, wanakula na kuzaana. Siku ya tano walikuwa wengi kuliko chakula. Siku ya sita umeamka, wamemaliza. Lile tope ni klorela iliyokufa na mavi ya walioila.

Mbegu iwe sehemu moja kwa tisa za maji, ukiweza moja kwa nne. Chupa yako ya lita moja na nusu ipeleke kwenye ndoo, uishie lita kumi hivi. Ikikolea, hizo kumi zitie kwenye chombo cha lita 60, halafu ndiyo pipa. Na chupa moja ya mbegu iache kwenye friji, chini kabisa mbali na barafu, uitikise kila siku. Siku pipa likifa hutamtafuta yule kijana wa chuo.

Maji yaue kwanza. Jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20, funika usiku kucha. Kesho yake washa hewa, acha juani kutwa nzima klorini itoke. Mwani haupendi klorini kama vile hao wadudu wasivyoipenda, kwa hiyo usiwe na haraka hapo.

Sasa urea. Viganja viwili! Kwa pipa la lita 200 tia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) gramu 20, TSP (mbolea ya fosfeti) gramu 2 na urea gramu 2. Nunua ile mizani ndogo ya wauza dhahabu, kwenu huko haikosekani. Mbolea nyingi haikuzi mwani haraka, inabaki majini. Na mchana jua likiwaka klorela inanyonya hewa ya ukaa, maji yanapanda kuwa na ukali kama wa magadi, na hapo ile amonia ya mbolea inageuka sumu. Mwani unaweza kustahimili, moina hawawezi. Ndiyo maana moina nawapa maji ya kijani alfajiri, kidogo kidogo, sijazi tangi kwa mkupuo.

Na usingoje likolee. Siku ya nne, pipa lilipokuwa linapendeza, ndiyo ilikuwa siku ya kuvuna. Chota theluthi, rudishia maji yaliyouliwa na mbolea ya kiasi hicho, kesho tena hivyo hivyo. Mwani uliokolea sana unajizibia mwanga wenyewe, wa chini unakufa, na ukishaanza kufa bakteria wanafanya karamu.

Nijibu mawili: pampu yako inavuta hewa wapi, na unachota kwa chombo gani?

KambareSengerema:
Shukrani sana dada. Pampu ipo sakafuni, katikati ya pipa la klorela na tangi la moina. Kuchota natumia jagi la plastiki la bluu, lipo moja.

BiTangi (Unguja):
Jagi moja. Haya.

Mwaka wangu wa pili kazini tulipoteza chupa zote za chumba cha mbegu ndani ya wiki moja. Tulibadili mbolea, tukabadili taa, tukagombana. Kumbe kuna mwenzetu alikuwa akitoka kwenye matangi ya rotifa anakuja kupima chumvi kwenye chupa za mwani kwa kijiti kile kile. Tone moja tu linaning'inia kwenye kijiti, na ndani ya tone mna rotifa wenye mimba.

Jagi la moina lisikanyage upande wa klorela, hata ukilisuuza. Kila asubuhi anza na klorela, malizia na moina, usirudi nyuma. Pampu ipandishe juu ya kabati, na ndani ya mrija wa hewa, kabla haujafika majini, sokomeza pamba kavu. Uko Usukumani, pamba usiniambie imekosekana.

Kisha tafuta hadubini, hata ya shule. Tone la klorela nzuri na tone la pipa linaloharibika. Uniambie unaona nini.

KambareSengerema:
Wakuu, mrejesho. Pipa la nne nalo lilianza kubadilika (lilikuwa la mtindo wa zamani, kabla sijasoma ushauri). Nikapeleka chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa hayo maji kwa mwalimu wa baiolojia hapa sekondari. Wanafunzi wakapanga foleni kuchungulia.

Tone la mbegu lina vidoti vya kijani tu, vimetulia. Tone la pipa, kwanza nikadhani kioo kichafu, halafu uchafu ukaanza kutembea. Kidude kama kikombe, kina mkia, mdomoni kuna vinywele vinazunguka kama pangaboi, na vidoti vya kijani vinaingia humo mfululizo. Wengine wamebeba yai nyuma. Mwalimu alihesabu zaidi ya thelathini kwenye tone. Ni nini hiki?

BiTangi (Unguja):
Nimecheka peke yangu hapa. Kaka, hao ni rotifa. Watu wanawanunua.

Mapipa matatu umemwaga chakula cha wachanga! Kwa kambare ni wadogo kidogo, lakini siku mbili za mwanzo wanawala vizuri, na moina wadogo wanafuatia. Hilo pipa usilimwage. Lihamishie banda jingine kabisa, si kona nyingine ya banda hilo hilo. Lilishe klorela kila siku mpaka rangi iwe kijani hafifu, vuna kwa kitambaa chepesi sana, osha kwa maji safi, ndipo upeleke kwenye beseni. Klorela anza upya kwa ile njia ya ndoo.

Mzee wa Bwawa:
Ila mimi nilisema unajitesa, chakula kimejileta chenyewe 😀

KambareSengerema:
Wiki tatu sasa. Klorela ipo kwenye chombo cha lita 60, navuna lita 20 kila asubuhi, haijageuka. Rotifa wako kwa shemeji, nyumba ya tatu. Beseni la juzi limevuka siku ya saba, na wachanga wana matumbo ya mviringo, ukimulika tochi unaona wamejaa.

Jagi la klorela nimeliandika kwa rangi nyekundu: KLORELA TU. Jana nimelikuta jikoni, mke wangu analichotea maji ya kuoshea vyombo.

BiTangi (Unguja):
Jiki, usiku kucha. Na umnunulie mkeo jagi.