Paka dume anaingia chooni kila mara, mkojo hautoki vizuri, na anakojoa kitandani

Dada_Ntinda
Wakuu, habari za asubuhi. Nina paka dume wa miaka 3, kilo 4.5, hajahasiwa. Tunakaa ghorofani hapa Ntinda, Kampala, na mwisho wake wa kutoka ni kibarazani. Kwa wiki mbili sasa anakojoa kwenye godoro na kwenye nguo chafu, na mara nyingine ukutani karibu na mlango. Tangu jana jioni hali imebadilika: anaingia kwenye beseni lake la mchanga kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, analia, anatoka. Kwenye mchanga naona matone tu, na tone moja lilikuwa jekundu. Anajilamba sehemu za siri bila kuacha.

Chakula chake ni mukene (dagaa) mkavu uliochemshwa, posho (ugali) kidogo, na maziwa asubuhi. Maji hanywi sana.

Jirani mmoja anasema ni kisirani, nimsugue pua kwenye mkojo wake. Mwingine anasema nimpe nusu ya Panadol kwa maumivu. Ana viroboto pia, na nina dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyotoka kijijini. Nianzie wapi?

TibaMifugo_Mbarara
Dada, Panadol usimpe hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama la binadamu. Sumu inayobaki inaharibu chembe nyekundu za damu, ufizi unageuka kahawia au buluu, uso unavimba, na kidonge kimoja cha mg 500 kinatosha kumuua. Dawa ya ng'ombe nayo iache ilipo, tutairudia.

Viroboto na godoro vinaweza kusubiri. Kinachonitia hofu ni hayo matone. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, hasa karibu na ncha, na huziba kwa ute, kwa fuwele ndogo kama chembe za mchanga, au kwa misuli yake yenyewe kukaza. Ukiziba kabisa, figo zinashindwa kutoa uchafu na potasiamu inapanda kwenye damu. Potasiamu ndiyo inayosimamisha moyo. Paka wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu.

Fanya hivi sasa hivi. Mwaga mchanga wote, mwachie beseni tupu na kavu, umwangalie akiingia. Beseni tupu halifichi kitu, utaona kama kuna mkojo au hakuna. Kisha mpapase tumbo taratibu, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kibofu kilichojaa na kuziba huwa kigumu, na paka hukasirika kikiguswa. Usikikamue hata kidogo, kinaweza kupasuka.

Kama hakuna mkojo uliotoka, au anatapika, amekataa kula, amejificha na kulegea, mpeleke leo, usingoje kesho. Hata kama matone bado yanatoka, leo ni bora. Piga simu kwanza uulize swali moja: "Mna katheta ya paka dume na dripu?" Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo. Maduka mengi ya dawa za mifugo yamezoea ng'ombe na kuku, utapoteza saa mbili kwenye foleni kisha uambiwe uende kwingine. Kwa Kampala, kliniki ya wanyama wadogo ya chuo cha tiba ya mifugo pale Makerere ni mahali pa kuulizia, pamoja na kliniki binafsi zinazotibu mbwa na paka.

Kato_Jinja
Mkuu, kwa nini asianze na antibayotiki kutoka dukani? Mkojo wenye damu ni maambukizi.

TibaMifugo_Mbarara
Kwa binadamu mara nyingi ndivyo ilivyo, ndugu Kato. Kwa paka aliye chini ya miaka 10, bakteria ndani ya kibofu ni jambo la nadra. Wengi wanakuwa na kibofu kilichovimba bila kidudu chochote, na mfadhaiko unachangia sana. Uvimbe huo mara nyingi hutulia wenyewe baada ya wiki moja hivi, ndiyo maana watu huamini vidonge ndivyo vilivyomponya. Sasa akiwa ameziba, vidonge vitamfanya mwenye paka atulie nyumbani huku potasiamu ikipanda. Hapo ndipo paka wengi hupotea.

Dada_Ntinda
Asante daktari. Beseni tupu limebaki kavu kwa saa mbili nzima ingawa ameingia mara nyingi. Nimeshapiga simu, boda iko njiani.

TibaMifugo_Mbarara
Vizuri. Usipande boda ukiwa umemkumbatia mkononi, akishtuka atakurarua na kuruka barabarani. Mtie kwenye katoni lenye matundu, uweke taulo chini, ulifunge kwa kamba. Na kwa hali hii, kama unaweza kupata gari, chukua gari.

Watamlaza usingizi, wapitishe katheta, wasafishe kibofu kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha mara nyingi katheta hubaki siku moja hadi tatu na dripu ikiendelea. Mambo mawili usiyaache. Moja, mkojo upimwe ungali wa moto, ndani ya saa moja, kwa sababu ukipoa fuwele hujitengeneza zenyewe kwenye chupa na majibu yanapotosha. Pili, uliza kama fuwele ni za aina ya struvaiti au okzaleti. Struvaiti huyeyuka kwa chakula maalumu. Okzaleti haiyeyuki, jiwe lake ni la kuondolewa.

Dada_Ntinda
Nimerudi na majibu. Alikuwa ameziba. Katheta imekaa siku mbili, leo amerudi nyumbani na anakojoa mwenyewe. Kwenye mkojo wameona struvaiti, jiwe hakuna. Nimepewa dawa ya maumivu na ya kulegeza mrija. Sasa naomba msaada kwa mawili: chakula, na hii tabia ya godoro na ukuta.

Mlezi_Wa_Paka
Pole dada, na hongera kwa kumuwahisha. Siku za kwanza baada ya katheta ndizo anazoweza kuziba tena, kwa hiyo angalau wiki nzima hesabu madonge ya mkojo kwenye mchanga kila siku. Paka mzima hukojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku. Akipitisha saa 12 bila kitu, au akianza tena kuchuchumaa bure, rudi kliniki.

Tabia sasa. Ulichoandika mwanzoni ni vitu viwili tofauti. Mkojo wa godoroni, akiwa amechuchumaa, ni wa maumivu: alipata uchungu ndani ya beseni, akaamini beseni ndilo linalomuumiza, akatafuta mahali laini. Ule wa ukutani ni kitu kingine. Paka husimama, mkia juu unatetemeka, na mkojo kidogo unarushwa nyuma. Hiyo ni kuweka alama ya mipaka, na kwa dume asiyehasiwa inatarajiwa kabisa. Kuhasiwa kunaiondoa au kuipunguza kwa madume takriban 9 kati ya 10, ingawa unaweza kungoja wiki kadhaa mpaka homoni zipungue. Asihasiwe wiki hii, angoje kibofu kipone na daktari akubali. Akishahasiwa, mpunguzie chakula kama robo, maana hunenepa haraka, na paka mnene asiyetembea ndiye huziba zaidi.

Habari ya kumsugua pua kwenye mkojo, achana nayo kabisa. Paka haunganishi adhabu na kitu alichofanya saa moja iliyopita. Anachojifunza ni kukuogopa, hofu inakaza kibofu, na unarudi ulikotoka.

Beseni lake lina urefu gani? Linatakiwa lizidi urefu wa mwili wake kwa nusu tena, yaani kama sentimita 60. Beseni la kufulia linafaa, upande mmoja ukatwe uwe chini ili aingie bila kuruka. Paka mmoja anahitaji mabeseni mawili, sehemu mbili tofauti. Mchanga wa ujenzi unafaa ukiuchekecha kuondoa kokoto na kuuanika juani ukauke kabisa, kina sentimita 4 hadi 5. Maganda ya kahawa wanayotandika kwenye mabanda ya kuku usitumie, ni makali kwa nyayo. Toa uchafu asubuhi na jioni, badilisha mchanga wote kila wiki, osha beseni kwa sabuni isiyo na manukato. Kutoa kinyesi kila siku kunakusaidia na wewe: mayai ya toksoplasma (kimelea cha kwenye kinyesi cha paka) huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito asifanye kazi hiyo, na kama hakuna mwingine, avae glavu.

Beseni jipya liweke pale pale anapokojoa, hata kama ni chumbani. Akilizoea, lisogeze kidogo kidogo kila siku kuelekea unapotaka. Watu wengi huliweka jikoni karibu na sahani ya chakula, au nyuma ya mlango unaogongwa kila saa, kisha wanashangaa.

Akello_Gulu
Na harufu kwenye godoro inatokaje? Tumejaribu Jik, anarudi pale pale.

Mlezi_Wa_Paka
Jik ndiyo inayomrudisha, dada Akello. Inaondoa harufu kwenye pua yako, si kwenye yake, na ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma kifua. Maji ya moto pia usianze nayo, yanagandisha protini ndani ya sponji.

Kwanza kausha kwa kitambaa, ukikandamiza bila kusugua. Chukua sabuni ya unga ambayo paketi yake inasema ina vimeng'enya (enzymes), koroga kwa maji ya uvuguvugu, umwagie ya kutosha kufika kina kile kile ulichofika mkojo. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanapangusa juu tu. Acha dakika 20, suuza, kandamiza tena, halafu jua kali siku nzima pande zote mbili. Kama huoni doa lilipo, usiku zima taa umulike kwa tochi ile ya kukagulia noti bandia. Mkojo wa zamani huonekana unang'aa. Mpaka tabia iishe, godoro livalishwe nailoni chini ya shuka.

Dada wa Ntinda, angalia pia dirishani na kibarazani. Kama kuna paka wa nje anapita pale, wako anamwona na kuweka alama kwa sababu yake. Bandika karatasi kwenye vioo vya chini. Mpe mahali pa juu pa kulala, juu ya kabati panatosha, na umchezeshe kwa kamba dakika 10 asubuhi na jioni.

Jiko_La_Entebbe
Chakula nakichukua mimi. Kama daktari amekuandikia chakula cha kuyeyusha struvaiti, mpe hicho peke yake mpaka atakapokuambia uache. Kukichanganya na mukene kunaondoa faida yote. Haya yanayofuata ni ya baada ya hapo.

Mukene mkavu si sumu, lakini kuufanya chakula chake cha kila siku ni tatizo. Unaliwa mzima na mifupa, kwa hiyo una madini mengi, ni mkavu, na ule unaoanikwa chini huja na mchanga. Posho inajaza tumbo tu. Haina taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, na paka asiye na taurini ya kutosha hupofuka na moyo wake hupanuka na kuchoka. Maziwa acha, paka wengi wakubwa huharisha kwa lactose, sukari ya maziwa.

Dawa kubwa ya kibofu ni maji. Paka wa kilo 4.5 anahitaji kama mililita 200 hadi 230 kwa siku, pamoja na yaliyo ndani ya chakula. Kwa asili paka ananywa kidogo, kwa hiyo mlishe maji. Chakula kamili cha paka cha dukani, gramu 50 hadi 60 kwa siku, gawa mara mbili, kila mlo umwagie mililita 60 za maji ya uvuguvugu, usubiri dakika 10. Usikiache kwenye joto zaidi ya saa mbili. Badilisha kutoka chakula cha zamani polepole kwa siku 7 hadi 10. Akigoma kula kabisa kwa siku mbili, usishindane naye, mwite daktari, maana ini la paka aliyekaa na njaa hujaa mafuta.

Ukitaka kumwongezea nyama, moyo wa ng'ombe au wa kuku ni mzuri. Chemsha bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila chumvi, na mpe pamoja na mchuzi wake, kwa sababu taurini hutoka na kuingia majini. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki, yakizidi vitamini A inaharibu mifupa. Samaki mbichi hapana: wapo wengi wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kupika ndiko kunakokizima.

TibaMifugo_Mbarara
Nilisema nitarudi kwa viroboto. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi au jamii ya permethrini, kama sipermethrini. Permethrini kwenye mwili wa paka huleta kutetemeka na degedege, na hata dawa ya mbwa ya kudondoshea mgongoni inaua paka kwa sababu hiyo hiyo. Kama mtu ameshampaka, amwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kliniki. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe nayo usiguse: ina mg 10 kwa kila mililita, na kipimo cha paka mdogo hivyo kinakuwa chini ya sehemu ya kumi ya mililita. Bomba la sindano la kawaida halipimi hicho, ukikosea kidogo umempa mara tatu.

Tumia fipronili, dawa ya viroboto, iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo, karibu na fuvu, asipoweza kulamba, na udondoshe kwenye ngozi yenyewe. Rudia kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo. Usikate tamaa ukiona viroboto wapya wiki ya pili, sehemu kubwa yao iko sakafuni kama mayai, mabuu, na pupa waliojifunga kwenye vifuko, na hao waliojifunga hakuna dawa inayowafikia mpaka watoke. Fua matandiko yake kwa maji ya nyuzi 60, fagia chini ya kitanda na kwenye pembe kila siku, uchafu ufungwe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) na utupwe nje siku hiyo hiyo.

Angalia pia chini ya mkia wake. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele, ni tegu anayetokana na kumeza kiroboto. Omba prazikwanteli, dawa ya minyoo hiyo, mg 5 kwa kilo, kwa hiyo wako atahitaji takriban mg 23. Mpime uzito siku hiyo hiyo kabla ya kukata kidonge, kwa sababu baada ya siku mbili za kliniki atakuwa amepungua.