Naomba ushauri: kiwanja cha bei nafuu nje kidogo ya Mernda, Melbourne

Mpangaji wa Epping: Wakuu, heshima zenu. Kodi ya pango hapa Epping imenishinda, nami nimeonyeshwa hekta moja kando ya barabara inayotoka Mernda, mwisho wa reli, kwenda mji mdogo wa Whittlesea. Bei yake inalingana na ya kiwanja cha mita za mraba 400 ndani ya Mernda. Mke wangu anasita. Je, Halmashauri ya Whittlesea huchukua muda gani kutoa kibali cha kujenga?

Mama Wawili: Usiulize kibali, uliza mwamba. Sisi tulijenga Wollert, ambako chini ya nyasi kuna jiwe jeusi la volkano, na siku ya kwanza tu jino la mashine ya kuchimbia msingi lilikatika. Jiwe lenyewe liko uani hadi leo, watoto wanalikalia.

Bwana Shamba: Hekta moja! Mbuzi wangapi, ndugu?

Mzee wa Ramani: Kijana, kiwanja kiko ndani au nje ya mpaka wa ukuaji wa jiji?

Mpangaji wa Epping: Swali langu lilihusu muda wa kibali.

Mzee wa Ramani: Nami nakujibu hilohilo. Ndani au nje?

Mpangaji wa Epping: Nje, lakini ni mita 300 tu. Dalali amenihakikishia kwamba mpaka utasogezwa, kwa kuwa meya wa Whittlesea aliahidi hivyo mwaka 2022. Aliyenunua mashamba ya Mernda kabla reli haijafika Agosti 2018 leo anacheka, kwa nini mimi nisubiri?

Mzee wa Ramani: Mpaka huo uliwekwa mwaka 2002, na halmashauri haina uwezo wa kuusogeza hata hatua moja, kwani mabadiliko yake lazima yaridhiwe na mabaraza yote mawili ya Bunge la Victoria. Nje yake ndiko ziliko zile kabari 12 za kijani zinazoizunguka Melbourne, zilizotengwa kwa mashamba, maji na misitu. Huko hata nyumba moja huombewa kibali, na ombi linaweza kukataliwa.

Msoma Magazeti: Samahanini, uzi huu umetungwa. Machi 2020 serikali ya jimbo ilivunja baraza zima la madiwani wa Whittlesea, na wasimamizi walioteuliwa wakaiendesha halmashauri hadi uchaguzi wa Oktoba 2024. Huyo meya wa 2022 alitoka wapi?

Bwana Shamba: Labda alichaguliwa na mbuzi.

Msoma Magazeti: Sicheki. Kila mwezi mtu hutuletea kisa cha namna hii ili tubishane bure.

Mpangaji wa Epping: Sijatunga. Karatasi ya dalali iko mezani kwangu: amechora mpaka mpya kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika "meya, 2022". Mimi nilikuja Australia 2023, ningejuaje kwamba hapakuwa na meya? Na kwa kuwa mmenifikisha hapa, niseme yote: nilisaini jana, Jumatano, nikatoa arubuni.

Mama Wawili: Mkeo anajua?

Mpangaji wa Epping: Bado. Nilitaka nimpelekee habari ikiwa imekamilika.

Mama Wawili: Basi alisitia kitu ulichokuwa umeshakinunua!

Msoma Magazeti: Nafuta kauli yangu, ndugu. Aliyetunga ni dalali.

Mzee wa Ramani: Hukununua mnadani?

Mpangaji wa Epping: Hapana, tulielewana ofisini kwake.

Mzee wa Ramani: Basi sheria ya Victoria inakupa siku tatu za kazi tangu uliposaini ili ujitoe kwa barua, na utakatwa dola 100 au asilimia 0.2 ya bei, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo. Usingoje Jumatatu. Ipeleke leo, ubaki na nakala.

Mpangaji wa Epping: Ninaiandika. Ila dalali ananipigia simu sasa hivi.

Mama Wawili: Usipokee. Mpigie mkeo.